Kaka Yake Liangdi Ambaye Hakuzaliwa

Benchi lenyewe ni jiwe refu lililong'olewa kwenye daraja la zamani, likawekwa nje ya duka la Mama Picha, uso kwa uso na ofisi ya uthibitisho wa hati. Mji huu wa pwani ya Fujian, nusu ya watu wake wako New York na nusu nyingine inapigwa picha. Mtu akitaka kwenda ng'ambo lazima apite hapa: apige picha kwa Mama Picha, atoe nakala za vyeti, kisha avuke barabara akagongewe mhuri mwekundu. Akiwa anasubiri ataketi kwenye jiwe, na akishaketi atashauriwa, atake asitake. Washauri wa kudumu ni wawili. Mmoja anaitwa Guangzhou, kwa sababu mwaka mmoja alimsindikiza mwanawe kwenye usaili wa viza katika mji huo, akakaa nje ya geti saa tatu nzima, na tangu siku hiyo hakuna asilolijua. Wa pili anaitwa Mhuri. Alikuwa karani wa kijiji miaka ishirini na sita, na mpaka leo akimaliza kusema neno hupiga goti lake kwa ngumi, kama anagonga. Wa tatu si mshauri. Ni Weng Liangdi, fundi wa pampu za mabwawa ya samaki, ambaye wanamwita Baadaye, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mchana huo wa mwezi wa nne, kuta zikitoka jasho kwa unyevunyevu, mwenye shida alikuwa yeye, na chupa ya chai ya asumini ilikuwa imejaa.

— Wamefunga kwenda kula, — alisema Guangzhou akitazama ng'ambo ya barabara. — Wanakula, wanalala, wanafungua saa nane na nusu. Baadaye, leo hakuna baadaye.

— Najua, — alisema Liangdi.

— Hujui. Ungejua ungekuwa umesimama mlangoni. Hebu hesabu na mimi. Kuandika hati na kuitafsiri, siku tano za kazi. Toa Jumamosi, toa Jumapili. Treni ya kwenda Guangzhou, siku moja. Usaili wa binti yako ni tarehe kumi na tisa. Ukikosa leo, umekosa.

— Usiseme binti yako, — Liangdi alimkatiza upesi. — Sema Yinjiao.

Guangzhou alimtazama Mhuri. Mhuri alimimina chai.

Habari hiyo mtaa mzima ulikuwa unaijua. Saiyu, mama yake Yinjiao, aliondoka kwenda New York miaka ishirini na miwili iliyopita, msichana akiwa na miaka kumi na mmoja. Ndoa yake na Liangdi ilikufa pole pole kwa simu, bila ugomvi, na hakuna aliyeitafuta tena. Lakini Saiyu alipopata uraia aliomba aletewe mwanawe, na ombi hilo lilikaa foleni miaka minane. Sasa zamu imefika. Kilichobaki ni hati ya kuzaliwa, yenye picha, yenye mhuri, yenye jina la mama na jina la baba. Na hapo ndipo gari lilipokwama. Katika kitabu cha kaya cha Weng Liangdi, kwenye ukurasa wa Yinjiao, pale wanapoandika huyu ni nani wa mkuu wa kaya, pameandikwa: mtoto wa kaka yake.

Na Liangdi hana kaka. Kwa mama yake alizaliwa peke yake.

— Mimi nasema hivi, — alianza Mhuri. — Serikali imeshaandika kuna kaka. Karatasi ya serikali haibishani na mtu. Tumkubali.

— Nani?

— Kaka. Hati iandikwe kama kitabu kinavyosema. Mama, Zheng Saiyu. Baba, huyo kaka. Kwisha. — Akagonga goti.

Guangzhou alifikiri kidogo.

— Kwa hiyo Saiyu alizaa na shemeji yake.

— Kwenye karatasi.

— Shemeji ambaye hayupo.

— Kwenye karatasi yupo!

— Mhuri, umechemka. Wamarekani wale nawajua mimi. Nilikaa pale getini. Yule afisa wa dirishani atauliza kitu kimoja tu: huyu baba yuko wapi, mbona hakuandika barua ya kumtambua mwanawe? Utamwambia nini?

— Amekufa.

— Cheti cha kifo?

— Tutakitafuta.

— Ili mtu apewe cheti cha kifo lazima awe alizaliwa.

— Basi azaliwe kwanza, — alisema Mhuri bila kutikisika. — Ningekuwa bado na mhuri wangu, kaka yake Baadaye ningemzaa asubuhi na kumzika jioni. Miaka ile tulikuwa tunafanya kazi.

Liangdi alishika kikombe chake kidogo kwa mikono miwili, hakunywa. Alikuwa akiwasikiliza kwa unafuu wa aibu, maana kadiri walivyozidi kupanga mambo ya kaka, ndivyo hakuna aliyemtazama yeye.

— Alikufa kwa nini? — aliuliza Guangzhou, ambaye sasa alikuwa amenogewa.

— Bahari. Waliozama hawaulizwi maiti.

— Hapana, wa baharini wana orodha yao. Afadhali ugonjwa wa ini. Na kaburi?

— Kaburi la nini?

— Siku hizi wanataka picha ya kaburi. Mjomba wa mke wangu aliombwa. Na kaburi lenyewe liwe limefyekwa nyasi, maana sikukuu ya makaburi imepita juzi tu. Wakiona majani yamesimama watasema hii ni familia gani hii, haimheshimu marehemu.

— Tutafyeka la mtu mwingine.

— Jina lake nani?

Hapo wote wawili waliweka vikombe chini, maana jina ni jambo zito. Katika ukoo wa Weng, rika lile lote majina yao yanaanza na Liang. Mhuri alipendekeza Liangbo. Guangzhou akasema Liangbo ni jina la mtu mvivu, kaka mkubwa apewe jina la kaka mkubwa. Wakabishana. Mhuri akasema kwa kweli huyo bwana yeye hajapata kumpenda, mtu gani anamwachia mdogo wake mtoto wa kike halafu anakwenda kuumwa ini. Guangzhou akamwambia usimseme vibaya marehemu, huenda alikuwa na sababu zake. Wakamimina kikombe cha nne, wakakiweka ukingoni mwa benchi, pasipokuwa na mtu.

Mama Picha alitokea mlangoni akifuta mikono. Ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, jina lake Cuiping, na amepiga picha nyuso nyingi za watu wanaoondoka hata hacheki ovyo.

— Picha ya huyo kaka mtahitaji?

— Tutahitaji, — alisema Guangzhou.

— Nitachukua ya Liangdi nimwongeze masharubu.

— Na sikio la kushoto lionekane. Pale Guangzhou wanaangalia sana sikio la kushoto.

— Nyie wazee, hamwoni haya! — Mama Picha alikuwa hatanii tena. — Mtu ana siku moja imebaki, nyie mnalishia chai mzimu ambao hata haukufa! Bi Shi wa ofisini alisema nini? Alisema hataki kaka. Daftari la mkunga limepatikana, Yinjiao mwenyewe amelifukua kule zahanati ya zamani, mmeliona. Jina la mama limo. Jina la baba limo. Kinachotakiwa ni mzee huyu avuke barabara, akae mbele ya kamera, aseme kwa mdomo wake huyu ni binti yangu, kitabu kilikosewa, atie saini na dole gumba. Maneno mawili matatu. Wiki tatu sasa anasema baadaye.

Kikombe cha marehemu kilikuwa kinatoa mvuke.

— Nikuambie ukweli, Kaka Liangdi? Hutaki aende. Ukisema, anaondoka. Usiposema, anabaki kukupikia uji. Mtaa mzima unasema hivyo, mimi nakwambia usoni.

Maneno hayo yalimchoma. Yalimchoma zaidi kwa sababu hakuwa na hakika kama ni uongo. Usiku mwingine aliwahi kulala akifikiria nyumba ile bila kandambili za Yinjiao mlangoni, na moyo ukamwambia, acha, nyamaza, kitabu kitakusaidia. Asubuhi yake aliona haya hata kumtazama msichana machoni. Lakini hilo halikuwa ndilo jambo lenyewe.

— Siwezi kulitamka, — alisema.

— Kwa nini huwezi? Una donda kooni?

— Kuna kitu kiliwahi kusemwa.

Akaeleza, kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake vyenye tope la bwawa. Kabla ya Yinjiao walikuwa na mtoto wa kiume. Aliishi siku arobaini. Hakuumwa sana, asubuhi moja tu hakuamka. Yinjiao alipozaliwa, Liangdi alimbeba akiwa na siku tisa, akampeleka kwa yule mtabiri kipofu aliyekuwa akikaa kwenye lango la hekalu. Kipofu akapiga hesabu ya mwaka, mwezi, siku na saa kwa vidole. Akasema nyota ya mtoto huyu na nyota ya baba yake zinagongana. Akiitwa wake, mmoja wao hatakaa duniani. Mtoto asimwite baba. Amwite ami, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake, na yeye amwite mtoto wa kaka, ili baya linalotafuta watoto lisijue pa kubisha hodi.

— Hilo tu? — alisema Mhuri. — Mimi mwenyewe nilimwita baba yangu kaka mpaka akazikwa. Nusu ya watoto wa mji huu wamelelewa hivyo.

— Ndiyo. Lakini wenzako walisema mdomoni tu, — alisema Mama Picha. — Ni huyu peke yake aliyekwenda kuliandikisha serikalini.

— Niliona mdomo hautoshi, — alisema Liangdi. — Karani akaniuliza, huyu nani wako? Nikamwambia mtoto wa kaka. Ilikuwa karibu na saa ya kula. Hakuuliza kaka gani.

Mhuri alitazama pembeni. Saa ya kula anaijua vizuri.

— Saiyu alinicheka, — aliendelea Liangdi. — Sikujali. Msichana alipougua homa akiwa na miaka saba, mimi nilisimama nje ya mlango usiku kucha, sikuthubutu kumshika mkono, nisije nikajisahau nikamwita mwanangu. Alipona. Nikasema unaona? Kipofu hakukosea. Sasa huyu Bi Shi ananiambia nilitamke, mbele ya kamera, na nigonge dole gumba. Na akae kwenye treni baada ya hapo. Na apande ndege.

Miaka thelathini na mitatu ya woga ilikuwa imemjaa kifuani, na ulikuwa woga wa mtu anayependa. Guangzhou, mwenye jibu kwa kila jambo, alipata wazo papo hapo: kwamba labda aseme kwa lugha ya watu wa kaskazini, maana linalotafuta ni la hapahapa pwani, halijui lahaja hiyo. Mhuri akaona si vibaya, ila dole gumba halina lahaja. Basi atie dole la mkono wa kushoto. Au avae kofia. Au Yinjiao amwite kwa jina lingine wakati huo huo, Guangzhou akohoe kwa nguvu dirishani, ili neno lipite halafu lisisikike na mwenye kulitaka.

— Na kamera je? Kamera itasikia kikohozi.

— Kamera itasikia vyote viwili.

— Samahani, — alisema mtu.

Wote wakageuka. Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango alikuwa amekaa mwanamke mgeni, lafudhi yake ya Sichuan, mwavuli umelala magotini. Alikuja kutoa nakala za kumhamisha mtoto wake shule, na muda wote huo mashine ya Mama Picha ilikuwa inapata joto ndani.

— Mimi si wa hapa, mnisamehe. Huyo kipofu alisema mpaka lini?

— Mpaka lini nini? — aliuliza Guangzhou.

— Asimwite mtoto wake. Mpaka lini? Mpaka akue? Mpaka aolewe? Hata dawa ya kikohozi wanakuandikia siku ngapi.

Mhuri alifungua kinywa, ngumi ikiwa juu ya goti, na ngumi ikabaki hewani. Guangzhou alifungua kifuniko cha chupa ya chai, akachungulia ndani kwa makini, akakifunga. Wakamtazama Liangdi.

Liangdi alirudi nyuma kwa mawazo mpaka lango la hekalu, mtoto wa siku tisa kifuani, mvua ndogo, vidole vya kipofu vikihesabu. Alijitahidi kukumbuka kila neno. Alikumbuka alivyoondoka mbio.

— Sikuuliza, — alisema.

— Na yeye yuko wapi tumuulize?

— Alikufa. Mwaka ambao msichana alianza shule.

— Aa, — alisema mwanamke wa Sichuan, kwa heshima. Mashine ikalia ndani, akainuka akaenda kuchukua nakala zake.

Liangdi alibaki palepale, mikono mitupu. Sikuuliza. Alikuwa amemfungia mtoto wake mlango miaka thelathini na mitatu, na huenda ulikuwa mlango wa miaka mitatu tu, au kumi, au wa mpaka homa ile ipite. Huenda angeweza kumshika mkono. Hasira ilimpanda, si juu ya kipofu, juu yake mwenyewe, na ikawa kubwa kuliko woga.

Yinjiao alikuja akitembea upesi kutoka kituo cha basi, bahasha ya plastiki kwapani, nywele zimelowa. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja.

— Ami, umekula?

— Bado.

— Wanafungua sasa hivi. Ami, nimefikiria njiani. Kama inakuogopesha, acha. Nitampigia Mama nimwambie tumeshindwa. Sitakulaumu hata kidogo, nakuapia.

— Na wewe huogopi?

— Naogopa ndege, — alisema Yinjiao. — Sijawahi kupanda.

Liangdi aliinuka. Guangzhou akamwambia achomekee shati, pale mbele ya kamera wanaangalia sana shati. Alichomekea. Wakavuka barabara, msichana mbele, yeye nyuma hatua mbili, kama walivyozoea kutembea siku zote.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, viti vitatu, kamera juu ya mguu wa chuma. Bi Shi alikuwa bado na alama ya mto shavuni. Aliweka daftari la mkunga upande huu na kitabu cha kaya upande ule, akamsomea Liangdi onyo la wasemao uongo, akamuuliza jina, akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, akamuuliza kama ana kaka au aliwahi kuwa na kaka. Liangdi akasema hapana, hajawahi.

— Huyu aliyekaa kulia kwako ni nani wako?

Alimgeukia Yinjiao, akamtazama usoni moja kwa moja, kitu ambacho alikuwa hakifanyi.

— Ni binti yangu, — alisema.

Akasubiri. Yinjiao alikuwa anapumua. Liangdi alisikiliza kifua chake mwenyewe, nacho kilikuwa kinakwenda, kwa kasi lakini kinakwenda. Nje pikipiki ilipita.

Bi Shi aliinama kwenye kamera, akabonyeza kitu, akabonyeza tena.

— Samahani sana, mzee. Haikuwa imewaka. Tuanze upya?

Yinjiao alizuia pumzi. Wakaanza upya: jina, mwaka wa kuzaliwa, kaka. Hapana, hajawahi.

— Huyu aliyekaa kulia kwako ni nani wako?

— Binti yangu, — alisema Liangdi, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bwawa. — Yinjiao. Binti yangu wa kumzaa.

Yinjiao aliweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Liangdi alinyoosha mkono, akamshika mkono wake uliobaki. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na sugu ambazo hakujua anazo.

— Inatosha, mzee, — alisema Bi Shi akisogeza wino. — Imeshaingia. Tia dole hapa.

— Najua imeingia, — alisema Liangdi, na akalitamka tena neno lile.